Pua ya Bi Mkutubi

Bi Mkutubi anakwenda Makka, na mji mzima umeshamsamehe isipokuwa mimi.

Kwetu mtu haendi kuhiji akiwa na dhima za watu shingoni. Hupita nyumba kwa nyumba, kwa jamaa, kwa majirani, kwa mahasimu, hata kwa muuza samaki waliyetoleana maneno sokoni, akataka radhi. Husema: nilokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nsamehe. Nawe humjibu kuwa umemsamehe duniani na akhera, mkapeana mikono, mambo yakaisha. Ukimnyima, anakwenda na dhima yako mpaka huko. Tangu Ramadhani imalizike nazisikia habari zake. Jana alikuwa Malindi, juzi Kiponda, kabla ya hapo alikwenda hadi Fumba kumtafuta mlinzi wa zamani wa skuli ambaye yeye aliwahi kumwita mvivu. Kwangu hajafika. Nami nimetulia tuli, maana siku hii nimeingoja tangu nikiwa msichana wa skuli ya kati, na kanga ya kuivaa siku hiyo nilishainunua zamani.

Basi nikiwa namngoja, wacha nimweleze. Sitasema kazaliwa wapi wala ni binti wa nani. Watu wa ukoo wake hawajanikosea lolote, nawaacha. Jina lake analo, tena zuri, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Sisi wanafunzi tulimwita Bi Mkutubi, walimu walimwita Bi Mkutubi, na marehemu mumewe alikuwa akisimama chini ya dirisha la skuli mchana na kuita, "Mkutubi! Wali unapoa!" Naye humjibu "Naam!" bila ya kuinua macho kwenye anachokisoma, na wali ukapoa.

Maktaba yake ilikuwa chumba cha chini cha skuli yetu, nyumba kongwe ya Mji Mkongwe yenye kuta nene za mawe na chokaa. Vitabu vilikaa ndani ya mashubaka, vile vidirisha vipofu vya ukutani ambamo watu wa zamani walikuwa wakipanga sahani zao nzuri na chupa za marashi. Kuta zile hunyonya maji ya masika na kuyatema mwaka mzima, na kitabu kisichoguswa huota ukungu kama mkate. Kwa hiyo Bi Mkutubi alikuwa na kazi mbili ambazo sijaziona kwa mkutubi mwingine. Alishona vifuko vya bafta, akavijaza karafuu, akavipachika kati ya vitabu ili wadudu wasikaribie. Na kaskazi ikianza na jua likawaka, aliamuru vitabu vyote vitolewe nje. Tulitandika majamvi uani, tukavianika vikiwa wazi, tukakaa pembeni tukivigeuza kurasa mpaka adhana ya adhuhuri. Mama yangu huko Bwejuu alikuwa akianika mwani kwa namna ile ile, anaugeuza kwa kiganja polepole usije ukavunjika. Siku ya kwanza ya kuanika vitabu nilimwambia hivyo Bi Mkutubi, nikidhani atafurahi. Aliniangalia mikono.

"Umenawa?" akaniuliza.

Ilikuwa tabia yake kusoma kila kilichoandikwa mbele ya macho yake. Alisoma makopo ya maziwa, tangazo la mkutano uliokwisha kupita, maandishi ya kanga za wanawake waliomtangulia kichochoroni, yote kwa sauti ndogo ya kujisemea. Lakini kitabu kikirejeshwa hakukisoma wala hakukifungua. Alikinusa. Hukishika kwa mikono miwili, akakipeleka puani, akafumba macho, na sisi tuliopanga mstari mbele ya meza yake roho zilituruka.

"Hiki kimekula urojo."

"Hiki kimelala jikoni, juu ya gunia la mkaa. Hebu sema uongo nikusikie."

"Hiki hukukisoma wewe. Baba yako kakisoma, na sigara mdomoni."

Na kweli huwa hivyo hivyo. Mara moja alikinusa kitabu cha msichana mmoja wa darasa letu akakunja uso. "Nani kwenu mgonjwa wa magoti?" alimuuliza, maana kitabu kilinuka dawa ya kuchua. Msichana akaungama huku analia kuwa ni bibi yake, hana anachokifanya mchana kutwa, ndiye anayevisoma. Tulijua atafukuzwa. Bi Mkutubi alikwenda shubakani, akarudi na vitabu viwili badala ya kimoja. "Hiki chako. Na hichi mpelekee mwenye magoti, mwambie asinikunjie kurasa." Mpaka bibi yule alipofariki alikuwa akipelekewa kitabu chake kila Alkhamisi. Hili nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu limenipoza moyo.

Na kama mimi ni mtu wa kisasi, basi mwalimu wangu ni yeye. Huyu mwanamke hakuacha jambo lipite. Vitabu vyake alivivika majalada ya vipande vya kanga kuukuu, na kila kipande alikikata makusudi ili maneno ya kanga yakae mbele, juu ya jalada. Mwalimu akichelewesha kitabu, safari inayofuata hupewa kilichovikwa maneno yanayomhusu. Mwalimu wetu wa hesabu, bwana mkubwa mwenye kitambi na kofia ya kiua, alipita mtaa mzima na kitabu kilichoandikwa "Hasidi hana sababu," na wanawake barazani wakamuuliza nani kamtupia kijembe. Alikirejesha kesho yake. Kulikuwa pia na ofisa mmoja wa elimu aliyeazima kitabu akakifanya chake. Bi Mkutubi hakumwandikia wala hakumshitaki. Alingoja mpaka yule ofisa akamwoza binti yake. Akenda harusini, kavaa vizuri, kala biriani, kampongeza bwana harusi, kisha mbele ya wakwe wote wapya akasema kwa upole, "Na kile kitabu cha watoto, baba, umeshakimaliza?" Kitabu kilirudi skuli kimefungwa kwa karatasi ya zawadi.

"Mimi sisahau," alikuwa akituambia. "Nnaahirisha."

Maneno hayo niliyachukua yakawa yangu. Nadhani ndiyo kitu pekee nilichoazima kwake ambacho sikukirejesha.

Nitayasema na mema yake mengine, upesi upesi, nisije nikayazoea. Mwalimu mkuu wetu wa zama zile, mtu wa suruali za kupigwa pasi mpaka zinakata, hakuipenda maktaba. Alikitaka chumba kile kiwe ghala ya viti vibovu. Kila muhula alikuja na mafundi kukipima, na kila muhula Bi Mkutubi alitia kigoda katikati ya mlango, akakaa, akafungua kitabu, akasoma kama hawaoni. Mafundi wakachoka, wakaenda kunywa chai. Alinunua karafuu kwa fedha zake. Masika moja paa lilipovuja usiku, tulimkuta asubuhi anakausha vitabu kwa pasi ya mkaa, ukurasa kwa ukurasa, na machozi yanamtoka kama aliyefiwa. Alivipenda vitabu kuliko watu. Wakati ule niliona ni sifa.

Sasa nifike kwenye langu.

Kila mwaka kulikuwa na siku ya wazazi, na mwanafunzi mmoja alichaguliwa asimame mbele ya wageni asome. Bi Mkutubi ndiye aliyechagua na ndiye aliyefundisha. Tulisomea mlangoni mwa maktaba, yeye kaegemea mwimo, macho kayafumba, kichwa kakilaza upande, mkono kwenye ufunguo wa mlango. "Sauti itoke kifuani, si puani!" alikuwa akisema. "Mpelekee aliyekaa nyuma kabisa." Hakujua kusifu. Ukisoma vibaya alikwambia rudia. Ukisoma vizuri alinyamaza. Na ukisoma kwa namna iliyomgusa hasa, jambo lililotokea kwa nadra kama kupatwa kwa jua, alikwambia, "Hukukosea hata neno." Wakubwa waliotutangulia walikuwa wakihesabiwa kwa maneno hayo, kama watu wanavyohesabiwa kwa shahada. Mwaka ule alinichagua mimi, mtoto wa shamba niliyekuwa nikikaa kwa shangazi yangu mjini. Nilimpelekea mama salamu kuwa aje, na mama akaanza kushona baibui jipya.

Kwa kuwa nilikuwa msomaji wake, Bi Mkutubi alinipa kitabu ambacho hakumpa mtu. Kilikuwa kitabu kikubwa cha picha za viumbe wa baharini, karatasi zake zinang'aa kama sahani. Mwisho wa wiki nilikwenda nacho Bwejuu nimwoneshe mama. Tulikaa uani kando ya mwani wake, nikamfungulia picha moja moja, naye akanitajia kila kiumbe kwa jina wanalolitumia wao pwani, akicheka kwamba wazungu wamempiga picha pweza akiwa kavimba. Jumatatu nikakirejesha kitabu kizima. Bi Mkutubi alikinusa, akatikisa kichwa, akakifungia kabatini bila ya kukifungua.

Siku chache kabla ya siku ya wazazi alikitoa kabatini akakuta kurasa zimekatwa. Zimekatwa kwa wembe, safi, pale penye picha nzuri kuliko zote.

Asubuhi ile tulikuwa mstarini, skuli nzima, walimu mbele. Bi Mkutubi alikuja na kile kitabu, akakiinua juu, akakifungua penye pengo. Sauti yake ilitoka kifuani ikafika mpaka kwa aliyekaa nyuma kabisa.

"Kitabu hichi kinanuka mwani," alisema. "Pua yangu haijapata kusema uongo. Nani katika skuli hii ananuka mwani?"

Hakulitaja jina langu. Hakuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka vikanitazama, na waliosimama karibu yangu wakajisogeza. Mpaka leo nikisikia watu wengi wanageuka pamoja, hata harusini anapoingia bibi harusi, hutafuta mlango wa kutokea. Nilisema sikukata. Nililia, niliapa. Nilipigwa marufuku maktaba mpaka nimalize skuli, na siku ya wazazi akasoma mwengine.

Hilo peke yake pengine ningelisamehe. Watoto husamehe mambo mazito kuliko hayo. Lakini mama alipopata habari alikuja mjini kunisemea. Alivaa lile baibui jipya. Alichukua kikapu, ndani yake pweza mkavu na mkungu mdogo wa ndizi, maana kwetu huendi kumwona mwalimu wa mtoto mikono mitupu. Mimi nilikuwa dirishani darasani juu, nikawaona na kuwasikia. Mama alipiga hodi mlangoni mwa maktaba, akainama kuvua viatu. Bi Mkutubi akatoka akasimama kizingitini.

"Kaa hapo hapo nje, bi mkubwa," alimwambia. "Vitabu vyangu vinashika harufu."

Mama akakaa barazani. Kikapu kakiweka mapajani, anakishika kwa mikono miwili, kwa adabu, kama aliyeko hospitali. Bi Mkutubi alirudi ndani, na hakutoka tena mpaka kengele ya mwisho. Nilipoteremka nilimkuta mama peke yake, kikapu kakiacha mlangoni. Nilitegemea atalia au atatukana. Alinishika mkono, tukatembea mpaka karibu na Darajani ndipo aliposema, "Mwalimu wako ni msafi sana." Hakuongeza neno, siku ile wala miaka iliyofuata. Nikimkumbusha huniambia, "Samehe, mwanangu. Kisasi hakipiki chungu."

Skuli iliyobakia niliimaliza kwa jina la Mwani. Waliniita hivyo uani, njiani, hata kwenye mpira. Mchana maktaba ilipofunguliwa nilikuwa nasimama nje chini ya dirisha, nikawasikiliza wenzangu wakisomeshwa kwa sauti, na midomo yangu ikawafuata.

Leo nina duka langu dogo mjini, natengeneza sabuni za mwani, mama analima, mimi napika na kukata. Watalii huzishika kwa mikono miwili, wakazipeleka puani, wakafumba macho. Kila mara wakifanya hivyo namkumbuka, na kila mara natabasamu tabasamu la biashara. Sabuni inayouzika kuliko zote ni ya mwani na karafuu. Sitaki maoni ya mtu juu ya hilo.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, niko nyumbani kwangu Mtoni, baada ya alasiri, nikasikia hodi. Sauti ile hata nikiwa kaburini ningeijua. Sikuitikia papo hapo. Nilikwenda kwenye sanduku, nikaitoa ile kanga, bado ina mikunjo ya dukani, nikajitanda. Ndipo nikasema karibu.

Amekuwa mdogo. Ninayemkumbuka alijaza mlango. Huyu alikuwa kizee mwembamba, kashika bakora, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo, Bi Mkutubi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Pita ndani."

Nikampa mgongo makusudi, niongoze njia, maana maneno ya kanga hukaa mgongoni. Nikasikia bakora imesita. Nikasikia sauti ndogo ya kujisemea, ile ile ya makopo ya maziwa, inasoma: "Umdhaniaye ndiye, kumbe siye."

Alikaa. Nilimtilia maji, hakuyagusa.

"Kanga nzuri," alisema.

"Naiweka siku nyingi."

"Naona. Imeshika mikunjo." Akavuta pumzi. "Mwanangu, nnakwenda Hija. Nimekuja kutaka radhi. Nilokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nsamehe."

"Litaje," nilimwambia.

"Nini?"

"Ulilonikosea. Kwa hayo ya kujua na kutojua mji mzima umeshakwambia sawa. Mimi litaje."

Nilikuwa nimeyapanga majibu yangu yote. Akisema hakumbuki, ninalo la kumwambia. Akisema alidhani ni mimi, ninalo vilevile. Akasema, "Kile kitabu cha bahari. Hukukikata wewe."

"Hilo nalijua. Wewe umelijua lini?"

"Mwaka ule ule. Hata skuli hamjafunga."

Miaka yote nimemchukia mtu aliyekosea, kumbe mtu mwenyewe alikuwa anajua.

Akanieleza. Aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, akaziona zile picha zimelazwa chini ya kioo cha meza yake, zimepangwa vizuri, wageni wa wizara wazione. Yule bwana alikuwa na ufunguo wa kila kabati la skuli. Alimwona anaziangalia, akamwambia tu, "Zinapendeza, sivyo?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia zinapendeza." "Ningesema, angeifunga maktaba kesho yake. Alikuwa anatafuta sababu tu. Nikakaa nikapima, mtoto mmoja na chumba kizima cha vitabu. Nikachagua vitabu. Na siku ile ulipokirejesha, nilikinusa, skukifungua. Ningekifungua ningekiona kizima, nisingekusimamisha. Pua yangu haikusema uongo, mwanangu. Mdomo ndio uliosema."

Sitaficha: nilimchukia zaidi kuliko siku zote, na papo hapo nikawa siwezi kumtoa nje. Angekuja na uongo ningejua la kumfanya.

"Radhi yangu itangoja," nilimwambia. "Kwanza mama. Kesho asubuhi ntakupitia twende Bwejuu."

"Mama yako yuhai?" Alishtuka, na kushtuka kwake kulinipa raha.

"Yuhai na anakumbuka."

Njia nzima alisoma vibao. Tulipofika mama alikuwa uani, kachutama, anaugeuza mwani kwa kiganja. Aliinua kichwa, akamtazama mgeni, na nikajua kamtambua. Nilijua pia atakalofanya. Atamkumbatia, atasema yaliyopita si ndwele, atanipokonya kisasi changu chote kwa neno moja, maana ndivyo alivyo. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali na watoto na wajukuu. Bi Mkutubi akasogea mlangoni, akainama kuvua viatu.

"La, bibie," mama akamwambia kwa upole. "Kaa hapo hapo nje. Nyumba yangu inashika harufu."

Bi Mkutubi akabaki vile vile kainama. "Harufu gani, bi mkubwa?"

"Ya karafuu."

Akakaa. Mama alimtupia mkeka pale pale kando ya mwani, upande unaopigwa na upepo, akarudi kwenye kazi yake. Jua likapanda. Baada ya muda Bi Mkutubi alinyoosha mkono wake mkavu akaanza kuugeuza mwani uliokuwa karibu naye, kwa kiganja, polepole, bila ya kuuvunja. Nilitaka kumuuliza kama amenawa. Mama alinitupia jicho, nikanyamaza.

Jua lilipofika utosini mama alisimama, akajikung'uta.

"Radhi nilishakupa, bibie," alisema. "Siku ile ile, tulipofika Darajani. Ila hili la kukaa nje nililiweka. Nilijua iko siku utakuja." Akasukuma mlango. "Haya, sasa ingia ndani tule."

Walikula sahani moja. Mimi nilikuwa namtazama mama yangu kama mtu nisiyemjua. Nimekaa naye miaka yote hii, ananiambia kisasi hakipiki chungu, na chungu chake mwenyewe kiko jikoni kinachemka.

Tuliporudi mjini, gari zima lilinuka mwani. Baibui la Bi Mkutubi limenasa vijiti vya mwani mpaka kwenye upindo.

"Fungua kioo, mwanangu," aliniomba tulipofika Jozani.

"Vumbi, Bi Mkutubi," nilimjibu, na barabara ile ni lami tupu. Hakuomba tena.

Kwake ni katika kichochoro ambacho gari haipiti, tukatembea. Ilikuwa wakati wa kahawa. Muuza kahawa keshafika, mabaraza yamejaa pande zote mbili, wazee, wanawake na watoto wao, baadhi yao wamesoma skuli yetu. Wote walimwamkia. Alifika mlangoni, akatia ufunguo, akageuka.

"Nasafiri keshokutwa," alisema kwa sauti ya chini. "Na yako?"

Nilimtazama. Ningeweza kumnong'oneza pale pale, ikawa yetu wawili. Ningeweza pia kuondoka. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilirudi nyuma hatua, nikajaza pumzi kifuani, nikampelekea aliyekaa nyuma kabisa, kwenye baraza la mwisho la kichochoro.

"Mimi niliyesingiziwa mstarini, mbele ya skuli nzima, kuwa nimekata kitabu cha maktaba, na sikukikata, na mama yangu akakalishwa nje, na aliyenisingizia akajua kweli akainyamazia, nimekusamehe, Bi Mkutubi, duniani na akhera."

Vikombe vilisita. Vichwa vyote, baraza kwa baraza, viligeuka, na safari hii havikunigeukia mimi. Bi Mkutubi hakuinamisha uso. Alisimama kaegemea mwimo, macho kayafumba, kichwa kakilaza upande, mkono kwenye ufunguo, mpaka nilipomaliza.

"Hukukosea hata neno," alisema, akaingia ndani na baibui lake la mwani.